Dubu wa Binti Yangu na Foronya Zake

Hapana nyumba ya askari isiyojua kazi ya foronya. Mto hukaa kitandani miaka mingi, lakini foronya huvuliwa, ikafuliwa, ikaanikwa juani na kurudishwa. Leo napenda kuwasimulia habari za foronya nyingine, isiyovishwa mto bali dubu wa kuchezea, na sababu iliyonifanya mimi, mtumishi wa gombolola mwenye cheti cha ualimu na si cha ushonaji, nikeshe mbele ya cherehani ya kuazima.

Binti yangu ana umri wa miaka saba. Alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ambao hapa kwetu Dabani watu wengi huuita sikoseli. Chembe nyekundu za damu yake hugeuka umbo zikawa kama mundu, zikakwama katika mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu makali ya mifupa yanapoanza. Ugonjwa huu hauletwi na laana wala jicho la jirani. Mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili. Uchunguzi uliofanywa nchini Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba katika kila watoto wadogo 100 waliopimwa, 13 hivi walikuwa wamerithi mbegu ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja, na 7 hivi katika kila 1,000 walikuwa wagonjwa wenyewe. Kwa hiyo nikiandika habari za mtoto wangu, naandika pia habari za watoto wengi.

Baba yake ni askari polisi, na kazi humweka mpakani siku nyingi kuliko anazokaa nyumbani. Siku moja alirudi na dubu wa manyoya ya kahawia aliyemnunua katika mitumba ya Busia upande wa Kenya. Tumboni mwake mlikuwa na kijimashine cha betri. Ukimbonyeza, hutikisa kichwa na kuimba wimbo mfupi wa kubembelezea watoto. Tangu siku ile binti yangu hakulala bila yeye. Maumivu yalipompata usiku, nilimpa dawa na maji mengi kama nilivyoagizwa, nikamfunika blanketi, naye alimkumbatia dubu na kuniambia, "Mama, mbonyeze aimbe." Sitasema kwamba dubu alimponya. Nasema tu kwamba pumzi zake zilitulia, na vidole vyake vilivyokuwa vimekunjwa vikakunjuka.

Mwaka jana, wakati wa mvua, tulilazwa katika hospitali moja ambayo si ya hapa Dabani, na ambayo sina haja ya kuitaja. Kitanda cha jirani alilala mtoto mdogo wa kiume, amechomekwa sindano ya maji mkononi, analia bila kukoma. Bibi yake aliyemwuguza alikuwa amechoka hata kuimba hawezi. Nikamwambia binti yangu, "Mwazime mwenzako." Alinitazama kwa muda, kisha akamtoa dubu. Mtoto akanyamaza. Bibi akaniambia, "Mungu akubariki, mwanangu." Nakiri kwamba nilivimba kichwa. Nilikuwa nimewafundisha watoto wa watu darasani kugawana walicho nacho, na sasa wa kwangu alikuwa ametenda.

Kwa siku tatu dubu yule alitembea vitanda vinne. Alimwagikiwa uji, akalowa mate, na usiku mmoja akapata matapishi. Nilimfuta kwa ncha ya kanga. Kumfua sikuweza, kwa kuwa mashine ilikuwa imeshonewa ndani, na maji yangaliiharibu. Siku ya nne mtoto wa jirani akaanza kuharisha. Wakafuata wengine wawili. Jioni mwili wa binti yangu ukapata moto.

Muuguzi wa zamu alikuja, akamshika dubu mguu kwa mkono wenye glavu, akamtia ndani ya mfuko na kuufunga.

"Mama, huyu hakai tena wodini," aliniambia.

"Sista, mnamnyang'anya mtoto mgonjwa kitu pekee kinachomtuliza?"

"Mtafutie anayefulika."

Hakusema zaidi, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Usiku ule maumivu ya mifupa yalirudi. Nikaanza kuuimba wimbo wa dubu kwa sauti yangu mwenyewe, kwa maana nilikuwa nimekwisha kuujua. Binti yangu akageukia ukutani. Nilimchukia yule sista usiku kucha.

Asubuhi, baada ya kumaliza zamu yake, aliketi kwenye ukingo wa kitanda chetu akanieleza kwa upole. Mtoto mwenye selimundu, alisema, bandama yake huharibika mapema, nayo ndiyo inayosaidia kuchuja vijidudu katika damu. Kwa sababu hiyo maradhi ambayo mtoto mwingine huyashinda kwa siku chache yaweza kumwangusha yeye. Wako bakteria waitwao Salmonella, ambao huingia mwilini kwa njia ya kinywa, kutoka kwenye chakula, maji au mikono iliyochafuka kwa choo. Kwa mtoto wa namna hii huweza kufika mpaka ndani ya mifupa na kuiozesha. Nilimsikiliza nikiwa nimeinamisha kichwa. Hakuna daktari aliyeniambia kwamba dubu ndiye aliyeeneza kuhara. Huenda ni maji, huenda ni mikono yetu sisi wauguzaji. Lakini mimi ndimi niliyempeleka kitanda hadi kitanda, na siwezi kuapa kwamba hakuwa yeye. Kwa rehema za Mungu watoto wote wanne walipona. Wahenga walisema wema hauozi. Nami nimejifunza kwamba kitambaa kilichobeba wema huo huchafuka kama kitambaa kingine chochote.

Nilipofika nyumbani nilianza kusoma, maana hiyo ni tabia ya mwalimu hata akiacha chaki. Nikakuta kwamba jambo lililonipata limewasumbua pia mabingwa wa nchi zilizoendelea. Katika mji wa Melbourne, Australia, waganga walipima vitu vya kuchezea vilivyowekwa katika vitanda vya watoto wachanga mahututi. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2000, na karibu vyote vilikutwa na bakteria. Vile vilikuwa vya kawaida tu, visivyo na mashine.

Siku hizi wako wanasesere walio roboti kamili. Mjapani Takanori Shibata alibuni roboti aitwaye Paro, mwenye umbo la mtoto wa sili, mnyama wa baharini. Huyu ameuzwa tangu mwaka 2005, naye hupepesa macho na kulia anapopapaswa. Manyoya yake yametiwa dawa ya kuzuia bakteria, lakini kwa sababu ya mashine zilizomo ndani hawezi kutumbukizwa katika beseni. Ni lazima apanguswe kwa mkono kwa uangalifu. Katika hospitali ya watoto ya Boston, Marekani, dubu roboti aitwaye Huggable alijaribiwa kwa watoto waliolazwa, na habari zake zikachapishwa mwaka 2019. Watoto 54 wenye umri wa miaka 3 hadi 10 walishiriki. Wengine walipewa roboti, wengine dubu wa picha katika kioo cha kompyuta, na wengine dubu wa kawaida wa manyoya. Waliocheza na roboti walionekana kuchangamka zaidi. Lakini nililolipenda zaidi ni hili: roboti yule alikuwa akiongozwa na mtu aliyekaa mahali pengine, akizungumza kwa kinywa cha dubu. Yaani hata huko faraja ilitoka kwa binadamu.

Aliyenifungua macho hasa ni bata. Mwaka 2018 huko Marekani alitolewa bata wa kuchezea mwenye mashine ndani yake, aliyetengenezwa kwa ajili ya watoto wenye saratani, ambao nao kinga ya miili yao hudhoofika. Bata huyo ameumbwa ili vazi lake la nje livuliwe na kufuliwa, na mashine ibaki kando. Nilipoyasoma hayo nilicheka peke yangu. Kumbe ni foronya tu!

Sasa niwaeleze nilivyofanya, ili anayetaka afanye vivyo hivyo nyumbani. Nilifumua mshono wa mgongo wa dubu, nikatoa kijimashine na kuitupa pamba yote ya zamani. Manyoya nayo niliyatupa, kwa maana hushika uchafu na hukauka polepole. Nilishona mwili mpya wa kitambaa cha mwavuli uliovunjika, ambacho hakipitishi maji kwa urahisi, nikaujaza pamba safi na kukirudisha kijimashine katikati. Mahali pa betri nilihakikisha pamefungwa kwa skrubu, kwa sababu betri ndogo ikimezwa na mtoto huunguza koo na utumbo. Macho ya vifungo niliyang'oa, nikatarizi mengine kwa uzi.

Kisha nikakata vazi la nje kwa pamba nyeupe, nikiliacha pana kuliko mwili kwa upana wa vidole viwili kila upande. Mgongoni sikutia vishikizo wala kamba. Kishikizo humezwa, na kamba ndefu huweza kumkaba mtoto. Niliacha pande mbili zipandane kama zifanyavyo foronya za mito, kiasi cha upana wa kiganja. Dubu huingizwa miguu kwanza, kisha kichwa. Mishono niliipinda mara mbili, ili isifumuke kwa kufuliwa kila siku.

Kufua nako kuna utaratibu. Kwanza ni sabuni na maji safi mpaka uchafu wote utoke, kwa maana dawa ya klorini hupoteza nguvu penye uchafu. Kisha vazi hulowekwa kwa nusu saa katika maji yenye jiki. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, mililita 150 katika lita 10 za maji zatosha. Jiki isichanganywe na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, kwani mvuke wake waweza kudhuru mapafu. Asiye na jiki na achemshe. Pamba haiogopi moto. Suuza vizuri, anika juani juu ya kamba, si juu ya majani, kisha pitisha pasi ya makaa hasa kwenye mishono. Pasi hiyo si ya urembo: wako nzi wanaotaga mayai katika nguo zilizoanikwa, na funza wake huingia katika ngozi ya mtoto. Mwili wa dubu uliobaki hupanguswa kwa kitambaa chenye sabuni kilichokamuliwa, ukaachwa ukauke kabla ya kuvishwa tena. Na baada ya yote hayo, mikono ya mtoto na ya mama ioshwe. Bila hivyo foronya imefuliwa bure.

Mwezi wa nne mwaka huu maumivu yalirudi, tukalazwa katika wodi ile ile. Binti yangu aliingia amemkumbatia dubu wake mweupe kwa nguvu, macho yakiwa mlangoni. Sista yule yule alikuja. Alimchukua dubu, akamgeuza, akafunua mgongo wake, akatazama ndani. Kisha akaniuliza, "Foronya ya pili iko wapi?"

Nikafungua mkoba nikamwonyesha. Zilikuwa tano, zimekunjwa pamoja na za mito. Akamrudisha dubu kitandani, akaenda zake.

Kitanda cha tatu alikuwako mtoto wa kike aliyekuwa akilia. Safari hii sikumhimiza binti yangu. Nilisubiri nione. Baada ya muda aliketi, akamvua dubu nguo yake, akaniambia, "Mama, mvalishe ya yule kwanza." Nikampangusa dubu, nikamvisha foronya safi, tukamwazima mwenzetu. Aliporudi kwetu jioni, foronya ile iliingia katika ndoo yenye kifuniko moja kwa moja, nami nikampangusa dubu tena na kumvisha ya kwake.

Ndugu zangu mlioko kambini na katika laini za polisi, mnajua jinsi tunavyoishi. Nyumba zimeshikana, watoto hucheza pamoja, na kinachopita mkono wa mmoja kitapita mikono kumi kabla ya jua kutua. Sisemi tuwanyime watoto wetu kugawana. Nasema kitu cha kumfariji mtoto kabla hakijanunuliwa, kigeuzwe kitazamwe mgongo: je, kinavulika? Je, kinafulika? Kama havulikani, na tuketi tukishonee. Mabaki ya shuka moja kuukuu hutosha foronya mbili: moja ya kuvaa, na moja ya kukaa kambani.