Bei ya unga ilipopanda kwenye picha peke yake

Karavia, Lubumbashi – Kijana huyu alifika Lubumbashi na mama yake na dada zake wawili, baada ya Bukavu kuingia mikononi mwa M23 mwezi wa pili 2025. Katika mizigo michache waliyoweza kubeba kulikuwa na kompyuta moja ya zamani. Betri yake imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika, kazi imekatika pia. Kwao alikuwa anasoma mambo ya kompyuta. Hapa Karavia alikuwa anatafuta kazi yoyote, na jioni anasaidia watoto wa jirani hesabu za shule.

Mama yake aliingia katika likelemba ya akina mama wa mtaa, wenyeji na wale waliohama makwao pamoja. Kila Jumamosi wanatoa pesa, wananunua unga wa mahindi kwa mifuko ya kilo 25, kisha wanagawana. Mfuko mzima ni nafuu kuliko kununua meka moja moja. Kwa nyumba inayohesabu kila franka, tofauti hiyo ndiyo bukari ya siku mbili.

Mwezi wa tano yakaja mabishano. Wengine walitaka wakope pesa, wanunue mifuko mingi mara moja kabla bei haijapanda tena. Woga wao ulikuwa na sababu. Sehemu kubwa ya mahindi ya mji huu inapita Kasumbalesa kutoka Zambia. Mwaka 2024 ukame uliipiga nchi hiyo mpaka rais wake akautangaza kuwa janga la taifa, na kila mama anayepika hapa anajua kwamba mahindi ya kule yakipungua, mfuko wa hapa unapanda. Wengine walisema: tungoje, mavuno yanaingia.

Mama mmoja anayeuza unga alikuwa na daftari. Tangu mwezi wa kumi na mbili aliandika bei ya kila juma. Kijana akasema: “Mama, niazime hilo daftari. Nitachora mstari wa bei, mtaona wenyewe inakokwenda.”

Alitumia Python na Matplotlib, programu ya kuchora grafu isiyolipiwa. Iliandikwa na John Hunter, Mmarekani aliyechunguza ubongo na aliyetaka kuona vizuri mawimbi ya umeme katika vichwa vya wagonjwa wa kifafa. Ilitoka 2003. Hunter alifariki 2012, lakini watu wengi wanaendelea kuitengeneza mpaka leo.

Shida za kwanza zilikuwa zile zinazopiga kelele. Kompyuta ilisema haiijui Matplotlib, ingawa alikwisha kuiweka. Kumbe ndani ya mashine mlikuwa na Python mbili, na yeye aliiweka katika moja huku akifanya kazi na nyingine. Dawa yake ni kuandika `python -m pip install matplotlib`, ili iingie katika Python ileile unayoita kwa jina hilo. Kisha akaupa ukurasa wake wa kazi jina `matplotlib.py`. Hapo kompyuta ikafungua ukurasa wake badala ya programu yenyewe, na kila kitu kikakataa. Akabadili jina la ukurasa, mambo yakaenda.

Baadaye alihifadhi picha ili aipeleke kuchapishwa, ikatoka karatasi nyeupe. Alikuwa ameita `plt.show()` kwanza, halafu `plt.savefig()`. Ukikwisha kufunga dirisha la picha, hakuna kinachobaki cha kuhifadhi. Hifadhi kwanza, onyesha baadaye. Na tarehe zilipokatwa chini ya karatasi, aliongeza `bbox_inches="tight"` ndani ya savefig, zikaonekana zote.

Yote hayo yalimchukua siku tatu, kwa sababu ya umeme. Hakukata tamaa, kwa maana kompyuta inayolalamika angalau inakuonyesha mahali pa kutazama.

Jumamosi akaja na picha. Mstari ulikuwa unapanda kutoka chini kushoto mpaka juu kulia, umenyooka kama ngazi. Akina mama wakanyamaza. Mmoja akasema: “Basi tukope leo.” Tayari walikuwa wanahesabu ni nani atakwenda kwa mkopeshaji.

Mwenye daftari akaomba karatasi. Hakutazama mstari. Alitazama namba zilizoandikwa pembeni, akazifuata kwa kidole kutoka chini kwenda juu.

“Mwanangu, hii iko namna gani? Bei ndogo imekaa juu ya bei kubwa.”

Kijana akatazama. Ilikuwa kweli. Namba za pembeni hazikupangwa kwa ukubwa. Zilifuatana kama zilivyoandikwa katika daftari, juma baada ya juma.

Kosa lilikuwa dogo. Alipoingiza bei aliandika kama tunavyoandika wote: nafasi katikati ya maelfu, na FC mwishoni. Kwa macho ya mtu hiyo ni hesabu. Kwa kompyuta ni neno, kama jina la mtu. Matplotlib ikipewa maneno haikatai. Inaliweka neno la kwanza chini, neno jipya linalofuata juu yake, na hivyo hivyo. Tuchukue mfano: juma la kwanza 60 000 FC, la pili 64 000 FC, la tatu 58 000 FC. Bei imeshuka, lakini picha itaiweka 58 000 juu kabisa, kwa sababu ndiyo iliyokuja mwisho. Maadamu kila juma lina bei yake tofauti, mstari utapanda tu, hata kama sokoni unga unashuka.

Na hakukutokea onyo lolote. Picha ilikuwa safi, yenye rangi na kichwa cha maneno.

Akarudi nyumbani akaondoa FC na zile nafasi, akageuza maneno kuwa hesabu kwa `pd.to_numeric`. Safari hii aliuliza kwanza `df.dtypes`, amri inayosema kila safu ni ya aina gani. Kama mbele ya bei inatokea `object` au `str`, ujue bado ni maneno.

Akakagua na mengine yanayodanganya kimya. Sisi tunaandika siku kabla ya mwezi, lakini programu mara nyingi inaanza na mwezi, na 03/04 inakuwa tarehe nne ya mwezi wa tatu. Akaweka `dayfirst=True`. Majuma mawili ambayo mama aliugua na hakuandika kitu, aliyaacha wazi ili mstari ukatike. Angeweka sifuri, ingeonekana kama unga uligawiwa bure. Mwisho akaanzisha bei kutoka sifuri kwa `plt.ylim(bottom=0)`, kwa maana programu ikiachwa peke yake inakuza kila tofauti ndogo mpaka inakuwa mlima.

Picha mpya ilikuwa na kilima kimoja katikati ya mvua, kisha mteremko taratibu. Kijana aliipeleka kwanza kwa mwenye daftari, kabla ya kikao. Akaifuata tena kwa kidole: hapa mahindi yalikosekana, hapa barabara ilikuwa mbaya, hapa mavuno yakaanza kuingia. “Sasa hii ni daftari yangu,” akasema.

Likelemba haikukopa. Walinunua ya juma moja, wakangoja.

Picha ile imebandikwa nyuma ya mlango wa nyumba wanamokutana. Kila Jumamosi kijana anaongeza nukta moja, umeme ukiwepo. Umeme usipokuwepo, mama anaitia kwa kalamu.