Muziki Uliokuwa Chini ya Panga

Sinema ya Robin Hood, ile ya mwaka 1938, sisi tumeitazama mara nyingi. Errol Flynn anaruka juu ya meza, panga zinagongana, watu wanapiga kelele. Na muziki unapita chini yake kama maji chini ya majani. Macho yanashiba, masikio yanapata makombo tu.

Basi, iko diski iliyopigwa Moscow mwaka 2003. Fundi John Morgan alizitengeneza upya noti za sinema ile, na William Stromberg akaiongoza Moscow Symphony Orchestra. Hamna panga, hamna maneno. Ni muziki peke yake, zaidi ya saa nzima. Tarumbeta zinawaita watu wa msituni, na fidla zinasimulia mapendo ya Robin na Marian.

Tena tunamsikia vizuri mwenye kuutunga. Jina lake Erich Wolfgang Korngold, Myahudi wa Vienna. Mwanzo wa mwaka 1938 aliitwa Hollywood kwa kazi hiyo. Alipoiona sinema alikataa: vita vingi mno, naye alijiona mtu wa nyimbo za moyo. Lakini habari za kwao zikawa mbaya, akakubali kufanya kazi juma kwa juma. Mwezi wa tatu askari wa Hitler wakaingia Austria. Nyumba yake ikanyang'anywa. Wazazi wake na mwana wake mkubwa walikuwa bado kule, wakaponyoka. Baadaye alisema kwamba Robin Hood ndiye aliyemwokoa.

Tazameni jambo hili: siku zile zile za hofu aliandika muziki wa furaha, wa watu wanaomcheka mtawala mwonevu. Ulipata zawadi ya Oscar. Katika sinema tunausikia kama mchezo. Katika diski tunasikia kwamba mtu huyu hakuwa anacheza.

Wako wanaosema kwamba muziki wa sinema bila sinema ni kama mboga bila bukari. Sisi tunawajibu: mpishi huyu alikuwa na miaka 23 tu opera yake Die tote Stadt ilipochezwa mara ya kwanza, mwaka 1920. Kwa sinema alipika kwa mkono ule ule, ingawa alijua kwamba kelele zitafunika nusu ya chungu. Mwaka 1957 alikufa. Mkiipata diski hiyo, fungeni macho, msikilize mpaka mwisho.