Kodi ya Soda na Shira ya Kaimati

Mwaka 2017 Saudi Arabia ilitoza soda kodi ya asilimia 50. Uingereza ilifuata mwaka 2018, ikilenga vinywaji vyenye gramu 5 za sukari au zaidi kwa mililita 100. Watengenezaji wengi wakapunguza sukari ili wasitozwe.

Sisi akina mama twaiunga mkono kodi ya namna hiyo. Husemwa kwamba itamwonea maskini. Basi maradhi ya sukari yakimwingia, si yeye asiyemudu sindano?

Ila kodi haiingii jikoni mwetu. Shira ya kaimati twaichemsha wenyewe, na mgeni akipewa chai isiyokolea sukari hudhani tumemfanyia ubahili. Ramadhani ijayo, inshaallah, tumekubaliana sharubati ya embe isitiwe sukari. Waume wameanza kunung'unika.