Usiku wa Mtoki

Ndugu yangu, ikiwa unasoma haya huku umeuficha mguu chini ya kanga, nakuandikia wewe. Mimi ni mshonaji, naishi Pangani, na mguu wangu wa kulia una matende. Leo nashona, nasali, nakula na usingizi napata, alhamdulillahi. Haikuwa hivi.

Uvimbe ulianza taratibu, wakati namnyonyesha mtoto wangu wa mwisho. Jioni kifundo kinajaa, asubuhi kimepungua. Nikadhani ni uchovu, maana cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, na sikukuu zikikaribia nashinda nayo mpaka usiku. Halafu kikawa hakipungui hata asubuhi. Kiatu cha kulia kikagoma kuingia. Ngozi ikawa nene, ikajikunja juu ya vidole, na katikati ya vidole pakawa na unyevu usiokauka. Baadaye pakaanza kutoa harufu. Hapo ndipo aibu iliponiingia. Mteja akija kupimwa nguo, nauvuta mguu chini ya meza. Nilikuwa nachoma udi mchana kutwa.

Maneno nayo hayakukosekana. Wapo waliosema nimekanyaga nilichotegewa. Wapo waliosema ni ugonjwa wa ukoo. Mganga mmoja alinichanja chale kwenye muundi na kupaka dawa yake, na zile chale zilikaa wazi muda mrefu.

Aliyeyakataa maneno ya uchawi tangu mwanzo ni mkwe wangu. Yeye ni mzaliwa wa Makunduchi, Unguja. Anakumbuka jinsi wataalamu walivyofika kijijini kwao mwishoni mwa miaka ya 1980, wakamwaga chembechembe nyeupe nyepesi kwenye vyoo vya shimo. Zilielea juu ya maji zikayafunika, mbu wakakosa pa kuzaliana. Watu nao wakagawiwa dawa. "Matende yanaletwa na mbu, mwanangu," aliniambia. "Sisi tulioneshwa kwa macho." Maneno yake yalinifariji, lakini mguu uliendelea kukua.

Sasa nije kwenye usiku wenyewe. Naandika polepole, kwa sababu hata leo nikiukumbuka moyo unanienda mbio.

Ilikuwa masika. Baba watoto yuko baharini. Tangu mchana kinena cha kulia kinauma. Nikagusa, nikakuta tezi imevimba. Mtoki. Mtoki ulishanipata kabla ya hapo ukapita, basi nikanywa chai nikajilaza.

Baada ya Isha baridi ikaingia. Haikuwa baridi ya mvua. Meno yakawa yanagongana. Binti yangu mkubwa akanifunika shuka, akaongeza kanga, akaongeza blanketi. Bado natetemeka. Kisha likaja joto. Mguu ukawaka kuanzia kifundo mpaka gotini. Ngozi ikavutika, ikang'aa. Hata shuka likiugusa napiga kelele. Nikatapika. Nikaomba maji. Nikayatapika. Nikawa sijui nilipo. Namwita mama yangu, na mama yangu ni marehemu. Mtoto mdogo analia pembeni. Nasikia analia. Mkono haunyanyuki kumchukua.

Niliogopa. Niliogopa wanangu waamke wanikute nimekufa, na baba yao hayupo. Nikatamka shahada. Nikangoja.

Binti yangu alitoka na mvua ile kwenda kumgongea wifi yangu. Sikumwona akitoka. Ninachokumbuka ni mikono ya watu ikininyanyua, na maji ya mvua usoni, na wifi yangu akisoma Yasini ndani ya bajaji kwa sauti inayotetemeka. Kituo cha afya walinitundikia dripu, wakanichoma sindano za antibiotiki, wakanipa panadol, wakauweka mguu juu na kuufunika vitambaa vya maji baridi. Homa ilianza kushuka kulipopambazuka.

Mwenyezi Mungu alinibakisha. Lakini kurudi nyumbani hakukuwa kupona. Kila mtoki wa namna ile ukipita, mguu hubaki mkubwa kuliko ulivyokuwa, na wangu ulibaki hivyo. Sikuweza kukanyaga cherehani. Tumbo nalo likaharibika: dawa kali, kulala kutwa, chai kavu asubuhi na jioni. Choo kikawa kigumu, gesi ikajaa, chakula nikakiona kichungu. Usiku nashtuka saa tisa, napapasa kinena kuona kama tezi imevimba tena. Nikapapasa, nikalala kidogo, nikapapasa. Shoga yangu niliyekua naye aliolewa, nami sikwenda. Hata nguo yake ya harusi ilishonwa na mwingine. Nililia kuliko nilivyolia usiku wa homa.

Baba watoto aliporudi alinikuta nimegeukia ukutani. Hakusema mengi. Alipumzika kwenda baharini, wifi akawachukua watoto wadogo, mkwe akahamia kwetu na jiko lake la mkaa. Nyumba nzima ilisimama kwa ajili yangu.

Nesi aliyenifungulia njia alikuja kunitazama nyumbani. Alikaa chini kwenye mkeka, akaupakata mguu wangu kwa mikono miwili, harufu na yote. Tangu uanze kuvimba hakuna aliyewahi kuushika hivyo. Akaniuliza habari za mguu, kisha akaniuliza kuhusu choo, kisha akauliza, "Unalala, mama?" Nilianza kulia kabla sijajibu. Akasema hawezi kuutibu mguu peke yake akaliacha tumbo na moyo.

Alinieleza kwa lugha nyepesi. Mwilini, mbali na mishipa ya damu, kuna mishipa ya limfu. Inakusanya maji yanayobaki kwenye nyama, inayapitisha kwenye tezi, kisha inayarudisha kwenye damu. Ya miguuni yanapanda kupitia tumboni na kifuani mpaka kwenye mshipa mkubwa chini ya shingo, upande wa kushoto. Mafuta ya chakula nayo yanatoka kwenye utumbo kwa njia hiyohiyo. Moyo hauyasukumi maji haya. Yanasukumwa na kuta za mishipa yenyewe, na misuli unapotembea, na pumzi unapovuta hewa. Minyoo inayoletwa na mbu inakaa humo miaka na kuiharibu. Maji yakishakwama, ngozi inadhoofika, na bakteria wakiingia kwenye mpasuko wowote, hata ufa mdogo kati ya vidole, mtoki unalipuka.

Dawa za kingatiba zilizokuwa zikigawiwa mitaani, ivermectin na albendazole, ambazo kwetu Tanzania zilianza Mafia mwaka 2000, zinaua vijidudu vya minyoo vilivyo kwenye damu na kuwakinga wengine wasiambukizwe. Mguu uliokwisha kuvimba hazirudishi ulivyokuwa. Hilo liliniuma kulisikia, lakini nilimshukuru nesi kwa kuniambia kweli.

Basi tukaanza. Kila jioni beseni la maji safi yasiyo ya moto, na sabuni ya kawaida. Unaosha kuanzia gotini kushuka, kila mkunjo, kila katikati ya kidole, kwa mkono na si kwa dodoki. Unasuuza mpaka maji yawe meupe. Kisha kukausha, na hapa ndipo wengi tunapokosea. Taulo haliingii kwenye mikunjo yangu. Nilichana kanga kuukuu vipande vyembamba, nikawa napitisha kimoja kimoja kati ya vidole, taratibu, mpaka kinatoka kikavu. Palipo na fangasi, dawa ya kupaka. Nesi alinikumbusha na udhu: mara tano kwa siku miguu inaloa, basi mara tano ikaushwe. Kile kipande cha kanga sasa kinakaa juu ya mswala wangu.

Kukanda nako kuna utaratibu wake. Wachuaji wetu hutumia nguvu na maji moto, na kwa mguu huu havifai. Nesi alinifundisha kuvuta ngozi kwa mkono mwepesi kabisa, tena si kuanzia chini. Unaanza shingoni, unakuja kwenye kinena, kisha paja, mguu unakuwa wa mwisho, kama unavyozibua mtaro: unaondoa takataka za mbele kwanza ili maji ya nyuma yapate pa kwenda. Mtoki ukiwapo hukandi kabisa, wala hufanyi mazoezi. Unapumzika.

Kabla ya kukanda, pumzi. Kulala chali, mikono juu ya tumbo, kuvuta hewa mpaka tumbo linyanyuke, kuitoa polepole. Aliniambia kwamba huko Kasaragod, jimbo la Kerala nchini India, kuna taasisi inayowatibu wenye matende kwa kuunganisha dawa za hospitali, mitishamba yao, mazoezi ya kupumua ya yoga na bandeji za kubana. Mimi mitishamba yao siijui, ila pumzi nimeijua. Ndiyo iliyonirudishia usingizi. Saa tisa nikishtuka, badala ya kupapasa kinena, naweka mkono tumboni na kuvuta hewa huku namtaja Mungu.

Tumbo halikuhitaji dawa ya ajabu. Mkwe wangu alinipikia mchicha, kunde, papai la asubuhi, na maji ya kutosha. Chumvi tukapunguza. Nikawa natembea mpaka mnazi wa jirani na kurudi. Choo kikafunguka, hamu ya kula ikarudi, na nilipoanza kula nikapata nguvu ya kuuosha mguu. Nguvu ya kuuosha mguu ikanipa nguvu ya kutoka nje. Cherehani nilirudi nayo kidogo kidogo, na nesi alifurahi, kwa sababu kule kupandisha na kushusha kanyagio ni zoezi zuri la kifundo.

Sitakudanganya. Mguu wangu bado ni mkubwa kuliko mwenzake, na viatu nashonewa. Lakini harufu imekwisha, ngozi imelainika, na mitoki imekuwa ya nadra. Hofu haijaniacha yote. Mvua za masika zikianza nalala na panadol na chupa ya maji karibu, na binti yangu anajua namba ya dereva wa bajaji. Nawe ukiona baridi inakuja na kinena kinauma, usingoje kupambazuke. Mguu weka juu, poza kwa maji baridi, kunywa maji, amsha mtu akupeleke ukapate antibiotiki.

Wenye miguu hii ni wengi kuliko unavyodhani, wamejifungia tu. Nilipoanza kutoka ndipo walipoanza kunijia, mmoja kwa wakati, usiku. Sasa tunakutana mchana, uani kwangu, kila Alhamisi baada ya Alasiri. Tunaosha miguu pamoja, tunavuta pumzi pamoja, tunaulizana nani amelala na nani hajala, kisha tunasoma dua. Wapo wanaume wawili, na mama mmoja Mkristo anayetuombea kwa namna yake. Baba watoto ndiye anayechota maji. Kama uko upande wetu wa mto, njoo. Beseni zipo, sabuni ipo. Beba taulo lako na kanga kuukuu ya kuchana.