Ekipe iliyokufa Hispania, na ile yetu ya Hewa Bora

Mwezi wa kwanza 2024, usiku, tulikuwa watu kama ishirini mbele ya televisheni moja hapa Hewa Bora. Barcelona ilikuwa inacheza Kombe la Mfalme kule Hispania na vijana walikuja kuhesabu mabao. Kumbe ekipe isiyojulikana, Unionistas de Salamanca, ndiyo iliyotangulia kufunga. Kelele! Kijana mmoja akaniuliza: “Papa, hawa ni nani?” Sikuwa na jibu. Barcelona ikageuza mchezo, 3-1, watu wakarudi kulala. Mimi nilibaki na telefone mkononi natafuta, na nilichokikuta kilinigusa mahali nisipopenda kuguswa.

Mji wa Salamanca ulikuwa na ekipe yake, UD Salamanca, ya tangu 1923. Ilifika hata daraja la kwanza, ikacheza na wakubwa wote, mara ya mwisho ikashuka mwaka 1999. Kisha ikashuka tena, mpaka daraja la tatu, na madeni yakiifuata nyuma. Mwezi wa sita 2013 ikafungwa. Miaka 90, basi. Si mpira uliowashinda, ni hesabu.

Matajiri kutoka Mexico walinunua kiwanja chake, Helmántico, na leo kuna ekipe nyingine inayocheza pale, ina jina linalofanana na la zamani. Lakini wafuasi wengi walikataa. Mwaka ule ule wa 2013 wakaanzisha Unionistas, ekipe ya wanachama, kila mtu na kura yake, wakaanza chini kabisa. Na hili ndilo lililonikosesha usingizi: hawadai kwamba wao ndio UD Salamanca. Wanasema ile ilikufa, wao wanaikumbuka. Mwaka 2020 Real Madrid ilikwenda kucheza kwao, nayo ikashinda 3-1. Inaonekana hiyo ndiyo bei yao kwa wakubwa.

Sasa niseme yangu. Mimi nilikuwa sekretere wa ekipe ya mtaa wetu, katika daraja za chini za mpira wa Lubumbashi. Jina lake siliandiki hapa, kwa sababu tuliliuza.

Wasomaji wa zamani wanajua namna ekipe ndogo inavyoishi. Malipo ya kuandikishwa kila msimu. Malipo ya waamuzi. Pesa ya basi kama mchezo uko Ruashi au Katuba. Mama mmoja alikuwa anafua mayo za wachezaji, za kijani, na alikuwa anakopesha hata sabuni. Kisha kiwanja tulichokuwa tunafanyia mazoezi kikakatwa parsele. Asubuhi moja tulikuta matofali yamepangwa ndani ya goli. Msimu ule hatukulipa kitu, na msimu uliofuata pia. Akatokea mtu wa mtaa mwingine aliyetaka karatasi zetu ili asianzie chini na ekipe yake. Prezida wetu akatia sahihi. Chini yake nikatia mimi. Tukalipa madeni, kilichobaki tukagawana, na sehemu yangu ilitosha mfuko mmoja wa unga wa bukari. Tuliula wiki tatu nyumbani. Mayo nazo zilikwenda pamoja na karatasi.

Nilijidanganya kwamba ni kubadili jina tu. Si mji huu umezoea? Mazembe yenyewe ilianzishwa na mapadri Wabenediktini mwaka 1939 kwa jina la Saint-Georges, ikawa Saint-Paul, ikawa Englebert kwa jina la kampuni ya matairi. Makombe ya Afrika ya 1967 na 1968 yalichukuliwa kwa jina la Englebert, na hakuna mtu wa Kamalondo atakayekuambia ni makombe ya ekipe nyingine. Ni kweli. Lakini kule jina liliondoka na watu wakabaki na ekipe yao. Kwetu watu tulibaki, ekipe ikaenda na jina pia.

Mwaka jana golikipa wetu wa zamani alifariki. Kwenye kilio mke wake aliniita pembeni: “Sekretere, nipe mayo moja niweke juu ya sanduku.” Akanitazama akingoja. Nilimwambia nitaenda kutafuta, nikatoka, nikazunguka mtaa mzima nikijua hakuna. Walimzika na shuka jeupe. Tangu siku ile hajaniuliza tena, na mimi napita njia nyingine nikienda sokoni.

Sasa vijana wale wa televisheni wanataka kuanzisha ekipe. Wamekuja kwangu wakiomba jina la zamani, wamesikia yule aliyelinunua hachezeshi tena na anaweza kulirudisha kwa bei. Niliwakatalia. Nimewaambia watafute jina lao, nitawapa daftari langu lenye majina ya wachezaji wote, wa msimu wa kwanza mpaka wa mwisho. Hawakufurahi. Mmoja alisema mimi, kati ya watu wote, sina haki ya kukataa. Labda.

Mkutano ni Jumapili hii baada ya misa. Nitasoma majina. Waliocheza, mje, na wajane pia. Na kama kuna mtu aliyebaki na mayo moja ya kijani nyumbani, hata imepasuka, ailete kwangu kwanza. Najua nyumba ya kuipeleka.