Mgeni wa Ngome, Mzigo wa Jirani

Miaka ya 1980 mtalii hakuwa hoja Mji wa Kale wa Mombasa. Alishushwa kwenye Ngome ya Yesu na basi la hoteli, akapita Ndia Kuu akipiga picha milango ya nakshi, akanunua kinyago, na adhuhuri akarudi ufukweni kula chakula alichokwisha kulipia. Watu walimwamkia, wakamwacha apite. Kisha zikaja ghasia za Likoni za Agosti 1997, shambulio la kigaidi la Kikambala la Novemba 2002 na vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007. Kila watalii walipokatika, wenye maduka ya vinyago waliumia, lakini nyumba za ndani, Kibokoni na kwengineko, hazikuona tofauti kubwa. Hapo ndipo watu walipoanza kuuliza utalii huu ni wa nani, na wageni waliporudi swali halikuondoka.

Wapo wanaosema wenyeji wamewachoka wageni kwa sababu ya dini na mavazi. Sikubali. Heshima ya mavazi ilidaiwa vilevile miaka ya 1980, na bandari iliyopokea Waomani, Wahadhrami na Wahindi karne kwa karne haiwezi kuambiwa haijui mgeni. Kilichobadilika ni mzigo. Mwaka 1990 Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi, na tangu hapo mwenye nyumba habomoi roshani wala habadili uso wa nyumba yake bila kibali. Ukuta wa mawe ya matumbawe unataka chokaa. Ukipigwa saruji, unyevu hufungika ndani na lipu huanza kubanduka vipande vipande. Chokaa nayo inataka fundi anayeijua, na mbao za roshani hazinunuliki kwa kodi ya vyumba viwili. Nitajibiwa kwamba bila sheria hiyo maghorofa yangekwisha kuumeza mtaa. Ni kweli, na mimi naitetea hifadhi kwa moyo wote. Lakini kinachomvuta mgeni ni mtaa mzima, ilhali tiketi hukatwa mlangoni pa Ngome na pesa zikaenda Makumbusho ya Taifa. UNESCO ilipoiorodhesha Ngome mwaka 2011, nyumba zetu ziliwekwa kuwa eneo la kinga linaloizunguka: zikapata masharti, hazikupata fungu. Sehemu ya kiingilio na itengwe kwa chokaa, mbao na ujira wa mafundi, na kazi ianzie kwenye nyumba zinazovuja leo hii, wenyewe wakiwa ndani.