Sakafu ya Anayebaki

Kigae cha dukani hakijawahi kukanyagwa na mtu aliyetoka shambani. Kimeegemezwa ukutani, kimemulikwa na taa nyeupe, kijana wa duka amekifuta tangu asubuhi, nawe unakitazama kwa macho yako ya mjini ukidhani sakafu ni kitu cha kutazamwa. Jambo hili limenichukua muda kuliona, na hata sasa sina hakika kama nimeliona lote.

Nyumba ninayoijenga ipo Kibosho, kwenye kihamba cha wazazi, katikati ya migomba na mibuni michache ambayo mama bado anaing'ang'ania. Kwa mila yetu Wachagga, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye hurithi boma la baba, na kwa kuwa mimi ndiye huyo, ujenzi uliniangukia bila kikao. Ulikwenda kama unavyokwenda ujenzi wa watu wengi wa huku: msingi, kisha kimya; kuta, kisha kimya tena; kenchi na mabati mwaka fedha ilipopatikana; jamvi likamwagwa, plasta ikapigwa. Sasa tumefika kwenye vigae. Fundi anasema hiyo ni kazi ndogo ya kumalizia, lakini mimi sijawahi kuwaza juu ya msingi wala kuta kama nilivyowaza juu ya vigae. Kwenye kuta nilipiga hesabu ya tofali, nikalipa, basi. Kwenye vigae ilinibidi nijue nani hasa ataishi humo, nikagundua kwamba miaka yote ya kujenga sikuwa nimejiuliza.

Jibu lililokuwa likinijia bila kuitwa ni Desemba. Anayetufahamu anaifahamu Desemba yetu. Magari yanapanda kutoka Dar es Salaam, yanapita Chalinze, Segera, Same na Mwanga, zaidi ya kilomita 500, na kwa majuma machache Machame, Kibosho, Uru, Marangu na Rombo zinajaa watu. Mbuzi wanachinjwa, mbege inanyweka, nyumba zinatembelewa. Mgeni akiingia sebuleni, macho yake hushuka sakafuni kabla hayajapanda darini, na mwenye nyumba anayafuata macho hayo bila kutaka. Siku hizi hata vigae vyenyewe hupita barabara hiyo hiyo, maana vipo viwanda Mkuranga na Chalinze, mkoani Pwani, na kwenye maduka ya Moshi maboksi ya huko yamepangwa pamoja na yale ya kutoka ng'ambo. Nilipokuwa nikizunguka madukani, moyo wangu ulikuwa unawachagulia watu wa Desemba. Sikujiambia hivyo. Nilijiambia natafuta kitu kizuri.

Na kitu kizuri, kwa macho yangu, kilikuwa kigae cha porseleni cha sentimita 60 kwa 60, cheupe cha maziwa, kilichosuguliwa hadi unaiona sura yako. Boksi lina vinne, vinafunika mita za mraba 1.44. Muuzaji alinifundisha mengi kwa upole: kwamba porseleni hainyonyi maji hata asilimia 0.5, ndiyo maana haishikwi vizuri na saruji tupu, inataka gundi yake. Kwamba niangalie namba ya toni kwenye kila boksi, kwani vigae vya jina moja vilivyochomwa siku tofauti hupishana rangi. Kwamba niongeze sehemu ya kumi ya hesabu yangu kwa ajili ya vitakavyokatwa na vitakavyovunjika. Yote yalikuwa kweli, na nimeyatumia. Ila hakuniuliza nyumba iko mwinuko gani, wala mimi sikufikiri kwamba ni jambo la kusema.

Kibosho ipo upande wa kusini wa Kilimanjaro, ule unaopata mvua nyingi kuliko pande nyingine zote. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, udongo wetu hauachi mguu wala kiatu. Mwezi Julai ukungu unashuka hadi kwenye vibaraza, na mtu aliyetoka Moshi mjini akiwa na shati jepesi hutafuta sweta kabla hajasalimia. Kwa kawaida ukipanda mita 1,000 joto hupungua kama nyuzi 6. Kigae hakiongezi baridi chumbani, kina joto lile lile la meza na kabati vilivyomo humo. Lakini kinanyonya joto la unyayo upesi kuliko mbao au mkeka, na mguu mtupu wa mtu mzima unalijua hilo bila kufundishwa fizikia.

Nyumba ya zamani, ambayo baba aliijenga kwa fedha ya kahawa, enzi ambazo malipo ya chama cha ushirika cha KNCU ndiyo yaliyoamua familia itaezeka lini na mtoto atakwenda shule lini, ina sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu. Nilikuwa naiona ni sakafu ya unyonge. Sasa nimeanza kuitazama upya. Wekundu wa rangi ile ni oksidi ya chuma, na wekundu wa udongo wetu una asili hiyo hiyo: mawe ya volkano yalioza kwa muda usiohesabika, chuma chake kikabaki kimeshika kutu. Kwa hiyo tope la masika liliingia ndani likakuta sakafu ya rangi yake, na aibu haikuwapo. Sisemi turudi huko. Nta ya kila Jumamosi ilipigwa na dada zangu wakiwa wamepiga magoti, nyufa zilizidi kila mwaka, na sidhani hata mmoja wao anaikumbuka kwa hamu. Nasema tu kwamba waliomwaga sakafu ile, kwa kujua au kwa kukosa kingine, walikuwa wamekubaliana na mahali walipo.

Nilimpelekea mama vipande vya mfano nikiwa nimejiandaa kumweleza. Alikuwa barazani akimenya ndizi. Alifuta mikono, akakichukua kile cheupe, akakigeuza nyuma, akapitisha kiganja usoni pake.

"Hiki ni kama cha baba yako," akasema.

Mahali pa kwanza pa kihamba chetu kuwekwa vigae ni kaburi la baba. Ndivyo ilivyo siku hizi kwa wengi wa mlimani: marehemu analala nyumbani, kando ya migomba, na kaburi linajengewa na kupambwa vizuri, mara nyingine kabla nyumba ya waliobaki haijapata hata sakafu ya maana. Vile vigae nilivinunua mimi, kwa haraka ya msiba, vyeupe vinavyong'aa, nikavilipia, nikarudi kazini. Mama ndiye aliyeishi navyo. Yeye ndiye anayelifuta kaburi lile kila juma, naye aliniambia, taratibu, huku akiendelea na ndizi zake, mambo ambayo duka zima halikuniambia. Kwamba kijani huanzia kwenye viungo, pale penye grauti, hasa upande usiopata jua. Kwamba asubuhi penye umande hakanyagi, anasubiri pakauke, kwa sababu mara moja mguu uliteleza akashika msalaba. Kwamba kigae kimoja cha pembeni kina mlio mtupu ukikigonga, kwa hiyo chini yake hakukujaa, na siku moja kitabanduka.

"Nyumbani, mwanangu, hakutakuwa na msalaba wa kushika."

Niliondoka nikiwa nimeamua: vigae vya kukwaruza nyumba nzima, vya kijivu, visivyong'aa hata kidogo. Nikajifunza kwamba ipo alama ya kupimia utelezi, R9 kwenda juu hadi R13, namba ikipanda ndivyo kigae kinavyoshika mguu. Maboksi niliyoyageuza hayakuwa nayo, nikaona njia iliyobaki ni maji na unyayo. Nilijisikia nimemwelewa mama hatimaye. Nikarudi kumwonyesha.

Akavikataa. Vya kibarazani alivikubali, vya jikoni na bafuni pia. Lakini sebuleni, hapana.

"Jumuiya ikija kusali hapa, nataka waingie kwenye nyumba. Hii ni sakafu ya ghala."

Hapo ndipo ninapokaa mpaka leo nikiwaza. Kwanza nilimchagulia mgeni wa Desemba na kumsahau mama. Kisha nilimchagulia mama, nikamfanya kuwa miguu mitupu inayoweza kuteleza. Yule mwanamke aliyefuta sakafu nyekundu miaka yote, aliyekwenda kusali kwenye sebule za majirani na kuona vigae vyao, naye ana haki ya kutaka kitu kinachong'aa. Kutaka kuonekana si ugonjwa wa watu wa mjini peke yao. Labda usalama niliokuwa nampangia ulikuwa zaidi kwa ajili ya usingizi wangu kuliko kwa ajili yake. Labda sivyo. Mzee wa jirani alianguka kwenye kibaraza chenye maji, akavunjika nyonga, na hakusimama tena. Hilo nalo siwezi kulitoa kichwani kwa kuwa tu mama anapenda cheupe.

Tumefikia mahali, sisemi ni pazuri kuliko pengine. Sebuleni vitawekwa vinavyong'aa, si vyeupe bali vya rangi ya udongo uliopauka, na mlangoni patakuwa na hatua pana ya kukwaruza yenye mkeka wa kufutia miguu, ili tope na maji viishie hapo. Jikoni, bafuni na kibarazani, vya kukwaruza. Chumba chake ndicho ambacho hatujaafikiana. Anataka kiachwe saruji tu, anasema usiku akiamka haina baridi kama tailizi. Kwa ninavyofahamu tofauti ya hivyo viwili ni ndogo, na kapeti la plastiki juu yake ndilo lingemsaidia kweli, lakini sijathubutu kumbishia mtu kuhusu unyayo wake mwenyewe.

Maboksi ya sebuleni yamelipiwa, yote ya toni moja, na ya akiba yamo. Ya chumbani yanasubiri. Nawe kama unamjengea mzazi huko mlimani, kabla hujalipa omba dukani kigae kimoja kimoja cha unavyovipenda, uvipeleke nyumbani, uviweke chini, uvimwagie maji, umshike mkono avikanyage. Kisha muulize pia ni kipi anakiona kizuri.